Kabla ya kumnunulia kichanga kigari, angalia kidevu chake

Mama mmoja aliingia kliniki akisukuma kigari kizuri cha kijivu, zawadi kutoka kwa wifi yake aliye ughaibuni. Ndani alikuwamo mtoto wa wiki tatu, amelala. Muuguzi wa mizani aliinama kumtazama, na kabla hata ya salamu akamnyanyua. Kidevu cha mtoto kilikuwa kimegandamana na kifua na pumzi yake ilikuwa ikikoroma. Alipolazwa chali kitandani, mkoromo ukaisha.

“Mimi nilijua amenogewa na usingizi,” alisema mama yule.

Hakuwa na kosa. Kigari kilikuwa kipya na imara, ila kilitengenezwa kwa ajili ya mtoto anayeweza kukaa. Wazazi wengi hununua au hupewa vigari vya aina hii bila kujua tofauti, kwa sababu dukani vyote vinaonekana sawa.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na misuli ya shingo bado haina nguvu ya kukizuia. Ukimkalisha wima, kichwa huangukia mbele. Njia yake ya hewa nayo ni nyembamba na laini, hivyo kidevu kikikandamiza kifua hujikunja kama mrija unaokunjwa katikati. Mtu mzima angeshtuka na kujigeuza. Kichanga hana uwezo huo, na anaweza kukosa hewa kimyakimya huku ukidhani amesinzia.

Kwa hiyo, jambo la kwanza la kuangalia ni kama kiti kinalala. Kigari cha kumtumia mtoto tangu azaliwe kiwe na kitanda bapa au egemeo linaloshuka hadi karibu kulala kabisa. Vile ambavyo kiti chake hubaki kimesimama, hata kikiegemea nyuma kidogo, visubiri mpaka mtoto aweze kukaa mwenyewe bila kushikwa, yaani kwa wengi karibu na miezi sita. Usitegemee maneno ya muuzaji. Shusha egemeo mwenyewe, kisha libonyeze kwa kiganja uone kama halibonyei katikati na kuwa kama machela. Kuna vigari vyepesi vya kitambaa ambavyo hulala vizuri vikiwa vitupu, lakini ukimweka mtoto anazama na mgongo unapinda.

Nenda dukani na mfuko wa unga wa kilo tatu, uzito wa kawaida wa mtoto anayezaliwa. Uweke ndani, sukuma, kata kona, funga breki na ujaribu kukivuta. Muuzaji akicheka, mwache acheke.

Mikanda iwe mitano: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja wa kupita katikati ya miguu. Ule mkanda mmoja wa tumboni hautoshi, kwa kuwa mtoto huteleza chini yake. Godoro liwe gumu kiasi na lienee vizuri, bila mwanya pembeni. Hapa ndipo bibi na mama hukosana, maana bibi anataka kuweka mto ili “mjukuu asiumie kichwa”. Mto, au kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, ndiyo inayosukuma kidevu kifuani. Iondoe. Mtoto mchanga hahitaji mto.

Napendelea pia kigari ambacho mtoto hutazamana na anayemsukuma. Miezi ya mwanzo unahitaji kuuona uso wake: rangi ya midomo, kifua kinavyopanda na kushuka, maziwa aliyocheua.

Kuhusu mtumba, sina ubaya nao. Vigari vingi vinavyouzwa mitaani ni vya mtumba na vingine ni bora kuliko vipya vya bei rahisi. Ila vikague. Breki zishike magurudumu yote mawili ya nyuma, mikanda isiwe imekatwa, na kufuli inayozuia kigari kisijikunje iwe inafanya kazi. Bawaba zake ni za kuogopwa. Mwaka 2009 nchini Marekani, vigari takriban milioni moja vya kampuni moja viliitwa virekebishwe baada ya watoto kukatwa ncha za vidole kwenye bawaba wakati vinakunjuliwa. Kikunjue mtoto akiwa mbali, msikie mlio wa kufuli, ndipo umweke. Kitambaa kifue na kukianika juani kabla ya matumizi.

Joto letu nalo lina mambo yake. Mzazi akiona jua kali hufunika kigari chote kwa kanga au shuka, akidhani anatengeneza kivuli. Anachotengeneza ni tanuri, kwa sababu hewa haizunguki na joto hupanda haraka hata kama kitambaa ni chepesi. Tumia kofia ya kigari au mwavuli, toka asubuhi au jioni, na mguse mtoto shingoni mara kwa mara. Chandarua chepesi cha kuzuia mbu kinaruhusiwa, mradi unamwona.

Vigari vinavyokuja pamoja na kiti cha gari huwachanganya wengi. Kiti kile ni muhimu ndani ya gari, lakini si kitanda. Mkifika, mtoe mtoto umlaze mahali bapa. Muda wa kukaa humo usizidi saa mbili, na kwa mtoto wa wiki za mwanzo nusu saa yatosha, kisha apumzishwe.

Kama mtoto wako ni njiti au alizaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, kigari kisubiri. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto hawa wabebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kati ya saa nane na 24 kwa siku. Kabla ya kuanza kumtembeza kwenye kigari, muulize daktari anayemfuatilia.

Na kama huna fedha za kigari, hujamnyima mtoto kitu. Barabara zetu nyingi hazina hata njia ya miguu, na kigari kwenye mchanga au ngazi za daladala ni mzigo. Mbeleko ya kifuani inatosha, uso wake ukiwa wazi na kidevu hakijagusa kifua, akiwa karibu kiasi cha kuweza kumbusu utosini.

Iwe ni kwenye kigari au mgongoni, ukiona kichanga anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anaguna kila anapotoa pumzi, kifua kinabonyea chini ya mbavu, midomo ina rangi ya bluu au anakataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.