MAFUTA YA JUA TUYAPOKEE, NA KIVULI TUKIDAI



Mwezi wa Oktoba jua la adhuhuri hutusimamia utosini hapa Nchelenge. Akina mama wanaoanika chisense ufukweni Kashikishi wanalijua vizuri, na wenzetu wa mashamba ya chai Kawambwa vilevile. Tumeona mwajiri akigawa chupa za mafuta ya kuzuia jua, kisha akaamuru kazi iendelee saa sita mchana bila kofia wala kivuli. Sisi hatuyakatai mafuta. Tunasema hayatoshi, na sababu tunazo.

Jua lina mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Mionzi hiyo haiunguzi ngozi tu. Ndani ya ngozi zimo seli za ulinzi ziitwazo seli za Langerhans, kwa jina la Mjerumani aliyezieleza mwaka 1868. Hizo ni kama walinzi wa getini: humkamata adui na kupeleka habari kwenye kinga ya mwili. Jua kali huzipunguza na kuzilegeza. Ndiyo maana wengine wetu hutokwa na malengelenge ya mdomo baada ya kushinda juani. Ngozi nyeusi hutukinga sana na saratani, lakini watafiti wameona kwamba hata kwenye ngozi nyeusi ulinzi huu hupungua.

Sasa tuitazame ile namba kwenye chupa, 15 au 30. Imepatikana kwa kupima wekundu wa ngozi iliyoungua. Walinzi wetu hawakupimwa, nao huanza kulegea kabla ngozi haijaonyesha kuungua. Kwa hiyo kinga wanayoipata mara nyingi ni ndogo kuliko namba. Tena namba hiyo hupimwa kwa kupaka mafuta mengi, miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Watu wengi hupaka nusu yake au pungufu, na jasho huyaondoa. Mafuta ya kuchagua ni yale yanayozuia mionzi ya A na ya B pia.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino, mafuta hayo ni kifaa cha kazi kama buti. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, yalitengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao hasa. Hata hivyo wao pia huhimizwa kuvaa kofia pana na mikono mirefu.

Basi kila tawi lidai mambo manne: kivuli mahali pa kazi, kofia pana na nguo za mikono mirefu, kazi nzito za juani zifanywe asubuhi na jioni, na mafuta kwa wanaoyahitaji. Gharama isikatwe kwenye mshahara. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema wazi kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Umoja ni nguvu.