Je, Wajua? Mchanga wa Sahara Ndani ya Jicho

Konea, ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni, haina hata mshipa mmoja wa damu. Oksijeni huipata zaidi kutoka hewani, kupitia machozi. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, na hapo ndipo leza huchonga ili mtu aachane na miwani.

Katika PRK, aina moja ya upasuaji huo wa leza, daktari huondoa kwanza utando wa juu wa konea, kisha leza hupita. Seli za pembeni hutambaa kuelekea katikati, na kwa kawaida kidonda hufunikwa ndani ya siku 3 hadi 5. Siku hizo hazina raha: machozi yanatiririka, mwanga wa dirisha tu unachoma. Jicho huvalishwa lenzi laini iwe bandeji.

LASIK, aina nyingine ya upasuaji huo, ni habari tofauti. Hukatwa kifuniko chembamba cha konea, leza ikapita chini yake, kisha kikarudishwa bila uzi wala sindano. Ukingo hupona, lakini ndani hakishiki tena kama zamani. Hata miaka baadaye, pigo kali laweza kukisogeza.

Mara chache, siku moja au mbili baada ya LASIK, seli nyeupe za damu hujaa chini ya kifuniko. Zatoka wapi ilhali mishipa haipo? Pembezoni, konea inapokutana na weupe wa jicho. Kwa darubini huonekana kama mchanga uliopeperushwa na upepo, ndipo madaktari wakauita uvimbe huo “mchanga wa Sahara”. Hutibiwa kwa matone ya steroidi; ukizidi, kifuniko hufunuliwa, kikaoshwa.