Michezo – Kivu: Anayetaka kuanza triatloni aanze kwa kujifunza kuogelea

Siku ya Jumapili asubuhi, kabla jua halijapanda, barabara za Goma na za Bukavu zinakuwa za wakimbiaji. Vijana wanapita kwa makundi, wakiimba na kupiga makofi. Baiskeli nazo hazikosi: kuna za kwenda kazini, kuna za kubeba bidoni za maji, kuna za kubeba makala. Lakini kundi linapofika kandokando ya ziwa Kivu, wengi wananawa uso na kugeuka. Wanaoingia na kuogelea ni wachache.

Hapo ndipo penye kizuizi kwa kila anayetaka kuanza triatloni, mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, bila kupumzika katikati. Miguu tunayo. Baiskeli inaweza kuombwa kwa jirani. Maji ndiyo yanayotuogopesha, na si bila sababu.

Mashindano mafupi yapo

Triatloni ya kwanza yenye jina hilo ilifanyika San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Mchezo uliingia katika Olimpiki mwaka wa 2000, mjini Sydney: mita 1.500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za kukimbia.

Wengi wamesikia tu jina la Ironman, wenye kilomita 3,8 majini, 180 kwa baiskeli na 42 kwa miguu, wakakata tamaa mapema. Hata ule unaofanyika Rubavu, nchini Rwanda, ng’ambo tu ya mpaka na Goma, tangu Agosti 2022, ni nusu ya huo: kilomita 1,9 katika ziwa hili letu la Kivu, 90 kwa baiskeli na 21 kwa miguu. Hayo si mashindano ya mtu anayeanza.

Anayeanza anaweza kulenga umbali mfupi unaoitwa sprinti: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia. Kilomita 20 hazimfikishi hata Sake mtu aliyetoka katikati ya mji wa Goma.

Baiskeli yoyote inafaa, mradi breki zishike na magurudumu yawe mazima. Kaske ni lazima, na sheria ya mchezo ni kali: unaifunga kichwani kabla ya kugusa baiskeli, na unaivua baada tu ya kuiweka chini. Saa haisimami wakati unapobadilisha viatu. Kwa hiyo hata kuvaa kunafanyiwa mazoezi.

Kwa nini maji yanatangulia

Kuogelea kunawekwa mwanzoni kwa sababu ya usalama. Mtu aliyechoka juu ya baiskeli anashuka na kukaa kando ya barabara. Aliyechoka ndani ya maji anazama.

Mwandishi wa habari hii alikulia Goma, akichota maji ziwani tangu utoto, lakini alijifunza kuogelea akiwa na miaka 31. Juma la kwanza hakusogea hata mita moja. Kosa lake lilikuwa la wengi: kubana pumzi, kuinua kichwa na kupigapiga maji kwa nguvu. Kichwa kikiinuka, miguu inazama. Dawa yake ni ndogo. Simama pale maji yanapofika kifuani, ingiza uso ndani, toa pumzi polepole kupitia pua na mdomo, kisha inuka uvute hewa. Rudia mpaka woga upungue. Halafu jifunze kuelea, kwa tumbo na kwa mgongo. Mikono na miguu vinakuja baadaye.

Wala usijifunze peke yako. Awepo mtu anayejua kuogelea vizuri, naye abaki karibu.

Ziwa lina hatari zake

Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 470, na sehemu nyingi chini yake inashuka ghafula, hatua chache tu toka nchi kavu. Ndiyo sababu mwanafunzi anaogelea sambamba na ukingo, haelekei katikati. Wengine wanajifunga kiunoni kamba yenye bidoni tupu la njano, lililofungwa vizuri, ili wenye mitumbwi wawaone toka mbali. Ni alama nzuri, lakini haichukui nafasi ya jileti ya kuokoa maisha.

Upande wa Goma kuna pia mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni na kwenye mashimo, hata karibu na ziwa. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inazidi usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo, saa ileile wanamichezo wanayoipenda. Ukiona wadudu au ndege wamekufa chini, usishuke. Uliza wenyeji kwanza.

Kwa wakaaji wa Uvira na Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika, swali la kwanza kwa wavuvi liwe juu ya mamba na viboko.

Majuma kumi na mawili

Mtu mwenye afya, ambaye tayari anakimbia kidogo, anaweza kujipa majuma 12. Mara tatu kwa juma aende majini, mara mbili apande baiskeli, mara mbili akimbie, na apumzike siku nzima moja. Siku nyingine ataunganisha mazoezi mawili. Mwendo mzuri ni ule unaokuruhusu kuzungumza. Toka juma la sita, akishuka kwenye baiskeli akimbie papo hapo dakika kumi. Miguu itakuwa mizito kama si yake. Ni kawaida, na inazoeleka. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu au shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Zaidi ya medali

Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma ikionekana mbele yake. Makumi ya watu walikufa. Kuogelea peke yake hakuondoi makosa ya kujaza mashua kupita kiasi wala kukosa jileti. Hayo ni ya wenye mashua na ya viongozi. Lakini mama anayepeleka bidhaa sokoni kwa maji, akijua kuelea kwa dakika kumi, ana dakika kumi za kungoja mtumbwi umfikie.

Kwa hiyo, hata asiyewaza kushindana na mtu anaweza kuanza triatloni. Asipofika kwenye baiskeli wala mbio, lile somo la kwanza, maji yakiwa kifuani, litabaki lake.