Chipu Si ya Wahandisi wa Umeme Peke Yao

Kabla kisahani cha silikoni chenye kipenyo cha milimita 300 hakijakatwa kuwa chipu, hupitishwa katika mamia ya hatua, kazi inayoweza kuchukua miezi. Kuna anayepima kemikali, anayechunga pampu za ombwe, anayesafisha maji hadi yasibaki na madini, anayesoma takwimu za kasoro, na anayehakikisha gesi imefika kutoka ng'ambo kabla akiba haijaisha. Wengi wao hawakusomea umeme.

Chuo Kikuu cha Purdue, jimboni Indiana, kililitambua hilo mapema. Mwaka 2022, ambao Marekani ilipitisha sheria ya kutenga dola bilioni 52.7 kwa sekta hii, kilizindua masomo ya semikondakta yanayovuka mipaka ya idara. Usanifu wa saketi umo, lakini zimo pia kemikali na malighafi, mitambo, uzalishaji, ufungashaji, hata usimamizi wa ugavi. Ngazi zinaanzia stashahada, kwa ushirikiano na chuo cha Ivy Tech, hadi shahada ya uzamili.

Kwangu mimi, hiyo stashahada ndiyo yenye uzito zaidi. Mwaka 2023 chama cha kampuni za chipu za Marekani kilikadiria kwamba kati ya ajira mpya 115,000 zitakazokuwepo ifikapo 2030, 67,000 huenda zikakosa watu. Fungu kubwa la pengo hilo, karibu nafasi 4 katika kila 10, ni la mafundi sanifu. Pampu ikizima usiku katika kiwanda cha mabilioni, fundi huyo ndiye anayeokoa fedha za mwekezaji.

Na mwekezaji alikuja. Aprili 2024, SK hynix ya Korea Kusini ilitangaza kiwanda cha dola bilioni 3.87 huko West Lafayette, mji wa chuo hicho, cha kufungasha chipu za kumbukumbu kwa ajili ya akili mnemba.

Kwetu Kenya kuna Nyeri, ambako kampuni ya chipu ya Semiconductor Technologies Limited iko ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Mei 2024 Kenya iliingia katika ushirikiano wa chipu na Marekani. Habari za namna hii zikija, swali la kwanza huwa ni la mtaji. Naomba tuulize pia wanafunzi wa kemia, takwimu na ugavi wataingia lini katika vyumba visivyo na vumbi vinamotengenezwa chipu. Somo moja la pamoja katika mwaka wa pili lingetosha kuanzia, mradi vyuo vya ufundi vishirikishwe tangu mtaala unapoandikwa.