Mtoto Anataka Kusoma Drama: Tumwambie Nini?

Safari hii tumepata swali ambalo si la ugonjwa wala la mgao wa chakula. Kuna familia ina kijana anayekaa kwa mjomba wake Busiu, pale kwenye barabara ya Mbale kwenda Tororo. Amemaliza Senior 4, anataka kuendelea Senior 5 na 6, na ametuma habari nyumbani kwamba anataka kusoma drama. Baba amekasirika. Anasema hatukukimbia vita ili mtoto aende kuigiza. Mama anasema haya, lakini tuulize kwanza. Basi tumeuliza.

Tuanze na jina lenyewe, maana hapo ndipo baba na mtoto wanapokosana bila sababu. Katika vidato hivi viwili vya mwisho, Uganda, mwanafunzi anachagua kombinesheni ya masomo, kwa mfano HEL, yaani Historia, Uchumi na Literature. Wengi wanaosoma michezo ya kuigiza miaka hiyo wanaikuta humo ndani ya Literature. Kwa miaka mingi mtihani wa UNEB wa somo hilo umekuwa na karatasi tatu: moja ya nathari na mashairi, moja ya riwaya, na moja nzima ya tamthilia. Hiyo moja ndiyo vijana wanaita drama. Anayechukua Kiswahili naye anaikuta tamthilia kwenye fasihi. Kwa hiyo baba asidhani mtoto anaacha vitabu aende kurukaruka. Ni vitabu, tena vigumu. Na Literature haimfungii mlango: wapo waliopita humo wakaenda kwenye sheria, ualimu, uandishi wa habari.

Wadogo zao wamepata njia nyingine. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 una somo la sanaa za maonyesho, na mtihani wa kwanza wa Senior 4 wa mtaala huo ulifanyika 2024. Lakini ni somo la kuchagua, sio kila shule inalo.

Sasa, shida iko wapi? Kwa maoni yetu haiko pale anapoiona baba. Shida ni kwamba mtoto anaweza kusoma tamthilia miaka miwili na asisimame hata siku moja kuisema kwa sauti. Mwalimu anasoma, darasa linaandika noti, nani ni mhusika mkuu, dhamira ni zipi, kwisha. Halafu kwenye mtihani anapewa kipande cha mchezo, anaulizwa kabla ya hapo kulitokea nini, huyu anayesema ana hisia gani, kipande hiki kinabeba nini katika mchezo mzima. Noti za kukariri hazijibu swali la hisia. Aliyewahi kusimama akayasema maneno hayo, akasikia sauti yake inapanda wapi na inakwama wapi, huyo analo la kuandika.

Tuchukue mfano mmoja. The Burdens ni mchezo wa John Ruganda, Mganda, uliotoka 1972. Unahusu Wamala, mtu aliyekuwa waziri, akafungwa, akatoka hana kitu, sasa anaishi na mkewe Tinka na watoto wao kwenye umaskini ambao hakuwahi kuuota. Mke ndiye anayehangaika watu wapate kula. Usiku mume na mke wanaanza kuigiza, wanajifanya watu wengine, na ndani ya utani ule wanaambiana maneno ambayo wasingethubutu kuambiana uso kwa uso. Mwisho wake ni kifo. Hebu jiulizeni, nani ataelewa mchezo huu zaidi kuliko watoto wetu? Humu kambini tunao waliokuwa walimu, manesi, wenye maduka, na leo wanapanga mstari na kadi mkononi. Ruganda mwenyewe aliondoka nchini mwake miaka ya 1970 akaishi Nairobi, akafundisha chuo kikuu cha huko. Alifariki 2007.

Hapa ndipo familia inaingia, hata kama mzazi hajui Kiingereza. Mtoto akija likizo, mpeni mdogo wake upande wa Tinka na yeye awe Wamala. Wasome kwa sauti kurasa mbili tu. Wewe kaa usikilize, usitake kujua maneno. Wakimaliza waambie: huyu alikuwa na hasira, huyu alikuwa anaogopa, pale sikuona kitu. Kama hukuona kitu, ujue hata yeye bado hajaelewa pale. Hakuna pesa inayotakiwa, na kama taa imeisha mafuta, afadhali, watalazimika kuyashika maneno kichwani.

Shakespeare ndiye anayewatisha zaidi, hasa watoto waliotoka Kongo na kuanza shule kwa Kifaransa. Kiingereza chake ni cha miaka 400 iliyopita, hata Waingereza kinawasumbua. Lakini sisi watu wa Kiswahili tuna msaada ambao wengine hawana. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alisoma Makerere miaka ya 1943 hadi 1945, alitafsiri Julius Caesar, ikatoka 1963, halafu Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kama shule imepanga mojawapo, mtoto aanze na Kiswahili, aelewe ugomvi ni wa nini, ndipo arudi kwenye Kiingereza. Huko sio kudanganya. Mtihani ataandika kwa Kiingereza vilevile.

Na huyu wa Busiu ana kitu cha karibu zaidi. Jumba la Taifa la maonyesho, lililofunguliwa 1959, liko Kampala, zaidi ya kilomita 200, na nauli mnaijua. Lakini yuko katika nchi ya Wagisu. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili wanafanya imbalu, tohara ya vijana, na ufunguzi unakuwa Mutoto, karibu na mji wa Mbale. Kijana anazunguka kwa jamaa zake akicheza, ngoma za kadodi nyuma yake, watu wanamwimbia, anapakwa unga. Siku ikifika anasimama mbele ya wote bila kutikisika, na kila jicho liko usoni mwake. Sio maigizo, kisu ni cha kweli, na mgeni aende kwa heshima. Lakini anayesoma tamthilia aangalie watu wanavyojipanga duara bila kupangwa, ngoma inavyopandisha moyo kabla ya jambo lenyewe, na jinsi mtu aliyenyamaza kimya anavyoweza kushika uwanja mzima. Vitabu vinalieleza hilo kwa kurasa nyingi.

Baada ya Senior 6? Makerere ina idara ya sanaa za maonyesho na filamu, ile iliyoanza 1971 kwa jina la muziki, ngoma na drama. Kuingia digrii kunataka angalau principal pass mbili. Kabla ya hapo, 1965, Makerere kulianza kikundi cha wanafunzi cha kusafiri, wakabeba michezo mikoani kwa lugha kadhaa za watu, sio Kiingereza tu. Tusifiche pia kwamba kazi hii imewahi kuua: Byron Kawadwa, mwandishi na mkuu wa Jumba la Taifa, aliuawa 1977 wakati wa Amin. Serikali haimwogopi mtu anayerukaruka tu.

Kuhusu ada hatuna dawa. Ila msingoje Senior 6 ndipo muulize juu ya misaada ya chuo kama DAFI. Ulizeni mapema wanataka alama gani.

Kijana wa Busiu tumemwandikia aulize mambo manne kabla ya kujaza fomu. Matokeo yake: kama cheti ni cha Kongo au nchi nyingine, UNEB lazima wakilinganishe kwanza, na hilo linachukua muda. Pili, mtaala wa Senior 5 ulibadilishwa kuanzia 2025, kwa hiyo asitegemee noti za kaka yake. Tatu, tamthilia zipi zimepangwa. Na nne, shule ina nakala ngapi, maana nakala moja kwa darasa zima hamtasoma kwa kupokezana sehemu, mtabaki kuandika noti.