TAIRI YA PIKIPIKI YA KIKUNDI: TUCHAGUE KWA KUANGALIA BARABARA



Mwaka wa 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na tangu hapo boda boda zimefika hata vijiji ambavyo matatu haifiki. Vikundi vingi vya kujisaidia vimenunua pikipiki. Hiyo ndiyo inapeleka maziwa, inaleta mbegu na mbolea, na usiku inakimbiza mama mjamzito hospitalini.

Lakini tumeona jambo moja. Kikundi hujadili ununuzi wa pikipiki kwa miezi, kisha tairi zikiisha kijana anatumwa mjini na kuambiwa, "Leta ile ya bei nafuu." Hapo ndipo hasara huanza, na wakati mwingine msiba. Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo, karibu kama kiganja cha mkono. Dereva, abiria na mzigo wote hutegemea viganja viwili tu.

Swali la kwanza: pikipiki yetu hupita wapi?

Kabla ya kwenda dukani, mwulizeni dereva wenu: katika siku kumi za kazi, ni ngapi uko kwenye lami, na ngapi kwenye changarawe au matope? Jibu lake ndilo litakaloamua. Msichague tairi kwa ajili ya barabara mnayopita mara moja kwa mwezi.

1. Kazi ya kila siku kwenye lami. Hapa inafaa tairi yenye meno mafupi yaliyokaribiana, na mifereji ya kutoa maji. Mpira mwingi hugusa lami, kwa hivyo breki hushika vizuri hata mvua ikinyesha. Pikipiki nyingi ndogo huja na tairi ya mbele yenye mistari inayozunguka gurudumu lote. Mistari hiyo husaidia pikipiki kwenda sawa na kutii usukani. Ile ya nyuma huwa na vipande vya meno ili isukume vizuri.

2. Safari ndefu. Hii ni pikipiki ya katekista anayezungukia vigango, au ya kikundi kinachopeleka asali mji wa mbali. Tafuteni tairi ya lami yenye mpira mgumu kidogo na yenye nguvu ya kubeba mzigo. Tairi ya safari huisha katikati kwanza, ikawa bapa, na pikipiki ikaanza kuwa nzito kwenye kona. Mjue pia kwamba mpira mgumu hudumu, lakini ukiwa mgumu mno huteleza kwenye lami yenye maji. Mpira laini hushika vizuri lakini huisha upesi.

3. Changarawe na matope. Kwenye marram tairi ya lami hutembea juu ya kokoto kama mtu anayekanyaga mahindi yaliyomwagika sakafuni. Kwenye udongo mweusi unaonata, kama ule wa Mwea na Kano, mifereji yake hujaa tope na tairi inakuwa laini kama sabuni. Hapa panahitajika meno makubwa yaliyoachana, ili yachimbe na kutema tope. Lakini meno hayo yakipelekwa kwenye lami hutetemesha pikipiki, huisha haraka, na breki huchukua mwendo mrefu zaidi kusimamisha.

Je, kama ni nusu kwa nusu? Wengi wetu tuko hapo: marram hadi sokoni, halafu lami. Kuna tairi za katikati, zenye meno ya wastani yaliyoachana kidogo. Hazishindi zote, lakini hazikuangushi upande wowote.

Tena barabara hubadilika. Ile ya Isiolo hadi Marsabit, zaidi ya kilomita 250, zamani ilikuwa changarawe na mawe, sasa ni lami. Barabara yenu ikiwekwa lami, badilisheni na tairi pia.

Kusoma maandishi ya tairi

Mnunuzi asione haya kuinama asome ubavuni. Tuseme imeandikwa 3.00-18 52P.

- 3.00 ni upana, inchi tatu. 18 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Hiki lazima kilingane na rimu yenu. Tairi nyingine huandikwa 90/90-18: upana milimita 90, kimo asilimia 90 ya upana huo, rimu inchi 18.
- 52 ni nambari ya mzigo. Maana yake tairi hiyo inaweza kubeba kilo 200 ikiwa na upepo wa kutosha. Nambari 45 ni kilo 165, na 57 ni kilo 230.
- P ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 150 kwa saa.
- TT ni tairi ya kutumia tyubu. TL haihitaji tyubu kama rimu imetengenezwa hivyo, lakini kwenye rimu ya kawaida ya spoki lazima mtie tyubu.
- Nambari nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ni tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka mingi juani mbele ya duka inaweza kuonekana mpya, kumbe mpira umekauka na kupasuka.
- Mshale ubavuni huonyesha upande wa kuzunguka. Fundi aufuate.

Sasa fanyeni hesabu ya mzigo. Pikipiki kilo 120, dereva 70, magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 kila moja: jumla kilo 370, na sehemu kubwa inalalia tairi ya nyuma. Tairi ya kilo 200 imeshazidiwa. Hakuna tairi itakayowaokoa na mzigo wa kupita kiasi. Na abiria ni mmoja tu, ndivyo sheria inavyosema.

Bei rahisi si lazima iwe nafuu

Chukueni mfano huu. Tairi ya shilingi 2,000 ikienda kilomita 5,000, kila kilomita imewagharimu senti 40. Ya shilingi 3,600 ikienda kilomita 12,000, ni senti 30. Ile ya bei ya juu ndiyo nafuu. Mweka hazina aandike kilomita za siku tairi ilipofungwa na siku ilipotolewa. Baada ya tairi mbili au tatu mtajua ukweli wenu wenyewe, na muuzaji hatawadanganya.

Tairi kuukuu iliyochongwa meno upya kwa kisu msinunue hata kama ni ya bure. Mpira uliobaki ni mwembamba na unaweza kupasuka mkiwa mbioni.

Kutunza

Pimeni upepo kila wiki asubuhi, tairi ikiwa bado baridi. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutaka karibu pauni 25 mbele, na 28 hadi 32 nyuma kulingana na mzigo. Lakini fuateni kitabu cha pikipiki yenu. Tairi yenye upepo kidogo hupata joto, hupasuka ubavuni na kula petroli. Tairi mpya ifungwe na tyubu mpya, na dereva aende polepole kilomita 150 za kwanza, maana mpira mpya huteleza.

Tafuteni alama ya TWI ubavuni. Ukiifuata utaona kinundu kidogo ndani ya mfereji. Meno yakishuka mpaka yalingane na kinundu, tairi imekwisha. Msingoje ionekane kipara, hasa kabla ya mvua za Machi na za Oktoba.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Pikipiki yetu hupita barabara gani zaidi, na tairi zake zinalingana na barabara hiyo?
2. Gunia la mwisho tulilobeba lilikuwa la kilo ngapi? Tairi yetu imeandikwa kilo ngapi?
3. Ni nani anapima upepo? Kama ni "kila mtu", basi hakuna.
4. Tutaweka shilingi ngapi kila wiki ili tairi zikiisha tusikope?

Tairi nzuri huonekana kama gharama mpaka usiku ule mama mjamzito anapobebwa kwenye mvua. Mungu awabariki katika kazi zenu.