Programu Inapogoma: Nani Ametunza Ufunguo?

Chukulia kituo cha afya kwenye miinuko ya Kasulu, upande wa Kabanga. Mama amemleta mtoto mwenye homa, na kipimo kimeonesha vimelea vya malaria. Muuguzi anampima mtoto uzito, anapata kilo 7.4, kisha anauandika kwenye kishikwambi ili programu imwoneshe idadi ya vidonge vya dawa mseto. Programu inajifunga. Anaifungua upya na kuandika tena, nayo inajifunga tena. Kwa kuwa foleni ni ndefu, anarejea kwenye chati ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Mtoto anapata dawa, na rejesta ya MTUHA inajazwa kwa kalamu.

Jioni muuguzi anampigia simu mtaalamu wa programu aliyeko Dar es Salaam, naye anaomba picha ya ujumbe wa hitilafu. Mstari wa kwanza unasema, kwa Kiingereza, kwamba maandishi "7,4" hayasomeki kama nambari. Chini yake ipo mistari kadhaa ya namna hii: a.b.c, nambari 17, d.a, nambari 4, b.a.a, nambari 31. Muuguzi ana hakika aliandika nukta, ilhali ujumbe unaonesha mkato. Ni sehemu gani ya programu iliyoigeuza nukta kuwa mkato? Jibu limo ndani ya mistari ile, isipokuwa kwamba haisomeki.

Programu inapokwama huacha orodha ya hatua zilizokuwa zikiendelea, ya mwisho ikiwa juu. Kila hatua ilikuwa na jina alilolipa mtunzi wake, mathalani somaUzito au pangaDozi. Hata hivyo, kabla ya kusambazwa, programu nyingi za Android hupitishwa kwenye chombo kinachogeuza majina hayo kuwa herufi moja moja. Kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa ProGuard. Tangu 2019 R8 ya Google ndiyo imeshika nafasi yake. Kufanya hivyo si hila. Programu huwa ndogo zaidi, jambo lenye maana mahali ambapo bando hununuliwa kwa siku na mtandao hutafutwa juu ya kilima. Na mwenye nia ya kuiba kazi ya mwenzake hupata taabu kuielewa.

Waliowahi kushiriki utafiti wa dawa wanaujua utaratibu unaofanana na huu. Mshiriki huitwa kwa nambari, na orodha inayounganisha nambari na jina hufungiwa kabatini. R8 nayo hutoa orodha kama hiyo, faili liitwalo mapping.txt, linaloeleza kwamba a.b.c ni hatua fulani katika ukurasa fulani wa msimbo. Chombo kingine, Retrace, hulisoma faili hilo pamoja na ujumbe wa hitilafu na kurudisha majina ya asili. Hata pale R8 ilipounganisha hatua mbili au tatu kuwa moja ili kuharakisha kazi, faili huweka kumbukumbu ya muungano huo, na mstari mmoja hufunguka kuwa mitatu.

Tatizo ni kwamba faili hilo huandikwa upya kila programu inapojengwa, na la zamani hufutika kama hakuna aliyelinakili. Herufi a ya toleo la 12 inaweza kuwa kitu kingine kabisa katika toleo la 13. Anayeusoma ujumbe wa toleo moja kwa ufunguo wa toleo jingine huenda akapata majina mazuri, yenye kuaminika, na ya uongo. Maabara yoyote inaijua hatari hiyo: majibu ya mgonjwa mmoja kubandikwa kwenye faili la mwingine ni mabaya kuliko majibu yaliyopotea.

Katika mfano huu, ufunguo sahihi ungeonesha kwamba programu iliupokea uzito salama, ikauandika kwenye fomu kwa kufuata lugha ya kishikwambi, kisha hatua nyingine ikajaribu kuusoma ikitarajia nukta. Lugha ya kishikwambi ni Kifaransa, na Kifaransa hutenga desimali kwa mkato. Kasulu na Kibondo zinapakana na Burundi, na kambi ya Nyarugusu, iliyoko Kasulu, imepokea wakimbizi kutoka Kongo tangu 1996. Kifaa kilichowahi kutumiwa na mtu aliyesoma kwa Kifaransa si ajabu huko. Marekebisho yake ni mstari mmoja wa msimbo.

Bila ufunguo, mtaalamu hubaki akikisia. Kwa kuwa Mtanzania huzoea kuona mkato ukitenga maelfu, angeweza kuiamuru programu ifute mikato yote. Hitilafu ingetoweka, na 7,4 ingesomwa 74. Mtoto wa kilo 7.4 hupewa kidonge kimoja cha ALu kwa kila dozi. Mwenye kilo 35 na kuendelea hupewa vinne. Programu iliyogoma iliudhi, lakini haikumdhuru mtu. Hiyo iliyotengenezwa kwa kukisia ingetoa jibu bila kusita.

Ujumbe usiosomeka umewahi kugharimu maisha. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi ya Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi iliyopita kiasi, na baadhi yao walikufa. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, kioo kilionesha maneno "Malfunction 54" tu, na kitabu cha maelekezo hakikumfafanulia mwendeshaji hatari yake. Mahali pengine mwendeshaji mmoja alieleza kwamba mashine ilikuwa ikitoa hitilafu zipatazo 40 katika baadhi ya siku; aliyezoea hivyo hubonyeza kitufe na kuendelea. Fumbo la Tyler lilifumbuliwa na mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, akiwa na mwendeshaji aliyekumbuka alichobonyeza. Walirudia hatua zile mara nyingi, hadi ikabainika kwamba hitilafu hutokea maelekezo yanaporekebishwa kwa haraka.

Ufunguo ukipotea, zimebaki njia chache. Majina ya mfumo wa Android wenyewe hayafichwi, hivyo mistari mingine hubaki kuwa alama za njia. Aidha, kama msimbo wa toleo lile na matoleo ya zana zilizotumika vimehifadhiwa, programu inaweza kujengwa upya na ufunguo uleule ukapatikana. Lakini nani amevihifadhi? Hospitali inaponunua programu huuliza bei, mafunzo na dhamana. Ni haki yake kuuliza pia funguo za kila toleo zinawekwa wapi, na nani atazishika mkataba ukiisha.

Lipo pia la faragha. R8 huficha majina ya hatua, haifichi data. Maandishi "7,4" yalisafiri wazi ndani ya ujumbe. Vivyo hivyo lingesafiri jina la mgonjwa au jibu la kipimo cha VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa pia picha zinazotumwa WhatsApp. Kabla ya kutuma, muuguzi ausome ujumbe wote na kuziba kinachomhusu mgonjwa, kisha aongeze nambari ya toleo, saa, alichobonyeza kwa mpangilio wake, na lugha ambayo kishikwambi kimewekewa.